Nguchiro, Nyani na Mkufu wa Wanachuo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mji!

Mjini nini?

— Mjini chuo!

Chuoni nani?

— Chuoni wenye akili!

Na nyuma ya chuo?

— Wenye akili zaidi!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyejibanza karibu na sufuria, sogea huku pia, nakujua.

Palikuwa na mji chini ya mlima. Katika mji huo palikuwa na chuo kikuu, na nyuma ya chuo palikuwa na kantini ya Mama Sikuzani. Nyuma ya kantini palikuwa na jalala la chuma lenye kifuniko, kando ya jalala palikuwa na mtaro, na ndani ya mtaro ndimo alimoishi Bi Nguchiro na watoto wake. Mtaro wenyewe haukuwa na uzuri wowote. Lakini ulikuwa na mfuniko wa nondo uliowazuia mbwa na paka, na kila mchana Mama Sikuzani alikuwa akimwaga ukoko wa wali hapo jirani. Bi Nguchiro hakutaka zaidi ya hapo. Mjane mwenye watoto hana makuu.

Basi siku moja akashuka Nyani kutoka mlimani. Shingo nene, kifua kipana, meno kama ya kupasulia nazi. Akalizunguka jalala mara moja, akalipanda, akalikalia, pwaa!

“Jalala hili langu,” akasema. “Ukoko huu wangu. Hata harufu hii mnayoinusa, mnainusa kwa hisani yangu.”

Bi Nguchiro akatoa pua mtaroni. “Bwana mkubwa, karibu. Tuachie basi japo makombo.”

“Makombo ndiyo ninayoyapenda!”

Tangu hapo Mama Sikuzani akimwaga ukoko, Nyani kausomba. Akianika chapati, Nyani kazinyakua. Mama Sikuzani akitoka na mawe, Nyani juu ya paa, kwaru kwaru kwaru, anatafuna na kutema. Na Bi Nguchiro akisogea, Nyani anamwonyesha meno: “Hooo!” Naye anarudi mtaroni mbio, mdomo mtupu.

Watoto wakaanza kukonda. Kitindamimba wake, aliyeitwa Kichiro, alikonda mpaka akawa anapita katikati ya nondo bila kugusa huku wala huku. Mama yake alipoliona hilo, aliumia sana.

“Mama, njaa.”

“Lala, mwanangu.”

“Nimelala, mama. Njaa ndiyo haijalala.”

Bi Nguchiro akageukia ukuta ili mtoto asimwone uso.

Sasa tumwache hapo kidogo, twende darasani. Msiogope, hatutakaa.

Kule chuoni walikuwapo wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu, Tumpale na mwenzake Ngassa. Mwalimu wao, Dokta Mbelwa, alikuwa amelituma darasa zima likawachunguze wanyama wanaoishi na watu mjini. Kundi moja likachukua kunguru, likawavisha pete za rangi miguuni. Kundi la pili likachukua nguchiro. La tatu likachukua popo, maskini. Tumpale na Ngassa walichelewa kufika siku ya kuchagua, wakaachiwa Nyani.

Kazi yao ilikuwa kumvisha Nyani kola shingoni. Kola hiyo ilikuwa na redio ndogo, na wao wangebeba antena na kimashine cha kusikilizia. Nyani akiwa mbali, mashine inalia pole pole: tii… tii… Nyani akikaribia, inachachamaa: tii-tii-tii-tii! Hivyo wangejua anapolala, anapokula, anapozurura. Bila kola hakuna utafiti, na bila utafiti wote wawili wanarudia mwaka.

Lakini Nyani na kola wapi na wapi! Walitega kizimba nyuma ya kantini, wakaweka ndizi mbivu ndani. Nyani akaja, akapitisha mkono mrefu kati ya nyavu, akavuta ndizi, sop! Mlango haukuanguka. Kesho yake wakaweka papai. Mkono, sop! Keshokutwa wakaweka mayai ya kuchemsha. Mkono, sop!

“Huyu anatudharau,” alisema Ngassa.

“Kwani hukuona?” alisema Tumpale. “Maganda ameyapanga mlangoni. Anatutania.”

Na jambo moja zaidi mlijue, maana ndilo lenye hadithi. Dokta Mbelwa aliwawekea wanafunzi wake sheria, na walikuwa wakiikariri kama sala: “Mnyama mwenye alama ana mwenyewe. Asipigwe, asifukuzwe, na asilishwe.” Ukimpiga, tabia yake inabadilika. Ukimlisha, inabadilika vilevile. Mwache awe yeye.

Haya, turudi mtaroni.

Asubuhi moja Nyani alikuwa amelala chali juu ya paa, kashiba. Bi Nguchiro akanyemelea jalalani. Akaona kopo la karanga, na ndani ya kopo karanga zilizosalia. Akaingiza kichwa. Akala karanga moja, akaifungia nyingine shavuni kwa ajili ya Kichiro, kisha akavuta kichwa kutoka. Kopo likatoka, lakini kipete chekundu cha plastiki kilichokuwa mdomoni mwa kopo kikabaki shingoni. Akakwaruza, hakitoki. Akajibiringisha, hakitoki. Akajirusha ukutani, puu! Hakitoki.

Katika kujibiringisha kule akajikuta yuko katikati ya kantini, mchana kweupe, miguuni mwa Mama Sikuzani.

“Wewe!” Mama Sikuzani akainua mwiko. “Jana nyani, leo nguchiro? Leo utanitambua!”

“Mama, usimpige!” Tumpale aliruka kutoka kwenye kiti, chai ikamwagika. “Ana alama! Si unaona shingoni? Huyo ni wa wale wenzetu wa kundi la nguchiro. Ana mwenyewe, hapigwi!”

Mwiko ukabaki hewani. Bi Nguchiro naye akabaki vilevile, mguu mmoja juu, masikio yote mawili wazi.

Mama Sikuzani akamtazama vizuri. Akaona mbavu. “Jamani, mbona kakonda hivi? Basi nimpe kaukoko.”

“Hapana, mama!” alisema Ngassa. “Na kumlisha pia marufuku. Mwenye alama hapigwi, hafukuzwi, na halishwi. Utawaharibia wenzetu utafiti.”

“Utafiti gani huo, baba, wa kutazama mtu anakufa njaa?”

“Ndiyo sheria, mama.”

Mama Sikuzani akarudisha ukoko ndani ya sufuria. Bi Nguchiro aliusindikiza kwa macho mpaka mfuniko ulipofungwa. Nawaambieni, lilimuuma. Lakini akili yake ilikuwa imeshaanza kutembea, maana mipango yao ya kola alikuwa akiisikia kila siku walipokunywa chai. Hapigwi, hafukuzwi, halishwi. Maneno matatu. Akasema moyoni, “Haya mawili nitayagawa. La tatu nitakaa nalo mwenyewe.”

Akapita nyuma ya jiko, penye karai la chapati lililowekwa lipoe. Akachovya kidole katika mafuta, akajipaka mdomo mzima, ukang'aa. Akavuta pumzi mpaka tumbo likajaa upepo. Kisha akatoka kwa mwendo wa bibi harusi, taratibu, katikati ya ua, mbele ya macho ya Nyani, akiimba:

“Kavaa, kavaa, mkubwa kavaa!
Hapigwi, hafukuzwi, mkubwa kavaa!”

Na alipofika chini ya paa akatoa mbweu: beeeu!

Nyani akainuka. “We kidude! Umekula nini?”

“Ah, usiniulize, bwana mkubwa. Hata nikivitaja sitavimaliza.”

“Na yule mama hakukupiga?”

“Ulimwona akinipiga?”

Nyani akafikiri. Kweli, alikuwa amechungulia kwa jicho moja. Aliuona mwiko ukipanda, wala hakuuona ukishuka. Jambo hilo lilimkera sana.

“Kwa nini hakupiga?”

“Kwa ajili ya mkufu huu. Hivi ndivyo wanavyowajua wakubwa hapa mjini. Aliyevaa hapigwi, hafukuzwi. Hata mawe wanayaweka chini.”

“Mkufu huo nipe.”

“Bwana mkubwa, mimi ni mjane, ndicho kitu pekee nilichonacho…”

“Nipe, nimesema!”

Nyani akaruka, pwaa! Akamkamata, akashika kile kipete kwa kucha zake, akakivuta, kacha! Kikakatika. Bi Nguchiro akashusha pumzi, maana alikuwa amehangaika nacho tangu asubuhi. Lakini alilia kilio kikubwa, chiii, chiii, kwa adabu.

Nyani akajaribu kukivaa. Hakikuzunguka hata nusu ya shingo.

“Hiki cha kitoto!”

“Ndiyo, bwana mkubwa, cha kitoto. Mimi na shingo yangu hii ningepewa kipi? Chako wanacho wale wanafunzi. Kinene, cha ngozi, kina kitu kinameremeta. Wamekuwekea siku zote hizi. Kile kizimba unachokiibia ndizi unadhani ni cha nini? Ndimo wanamovishwa wakubwa.”

“Ndani ya kizimba?”

“Unaingia mwenyewe, unakaa kwa heshima. Mlango unaanguka. Wanakuchoma kasindano kadogo, unasinzia. Ukiamka, umeshavaa.”

“Halafu?”

“Halafu hupigwi.”

“Halafu?”

“Hufukuzwi.”

“Halafu?”

Bi Nguchiro akajikuna sikio. “Halafu utaona mwenyewe, bwana mkubwa. Mambo mengine mtu hasimuliwi.”

Nyani hakulala vizuri kwa uchu. Kulipokucha tu akashuka, akafuata kizimba, akaingia ndani kwa miguu yake, akaketi kama mgeni rasmi. Paa! Mlango ukaanguka.

Tumpale na Ngassa wakaja wakikimbia na daktari wa mifugo nyuma yao. Wakamkuta Nyani amenyoosha shingo.

“Kaingia mwenyewe,” alisema Ngassa. “Tumpale, huyu kaingia mwenyewe. Mbona ananyoosha shingo?”

“Ngassa, shukuru Mungu, acha maswali.”

Hayo yalisemwa na mtafiti. Basi wakamchoma sindano, akasinzia, wakamvisha kola, wakamwacha kivulini. Nyani akaamka, akaipapasa shingo, akaikuta imevaa. Akajitazama kwenye dimbwi, akajipenda. Akasimama, akaanza safari ya kwenda kantini, kifua mbele, mkia juu:

“Kavaa, kavaa, mkubwa kavaa!
Hapigwi, hafukuzwi, mkubwa kavaa!”

Kule kantini Tumpale na Ngassa walikuwa wanakunywa chai, kimashine juu ya meza. Kikalia: tii… tii…

“Nini hicho?” aliuliza Mama Sikuzani.

“Yule nyani wetu, mama. Yuko nyuma ya bweni.”

Tii-tii… tii-tii…

“Na sasa?”

“Sasa anakata kona. Anakuja huku. Mama, tafadhali, ana alama sasa. Usimpige wala usimfukuze. Na usimlishe hata punje.”

Mama Sikuzani akaweka mikono kiunoni. “Yaani hicho kidude kinasema kabla hajafika?”

“Ndiyo, mama.”

“Wanangu! Mungu awape digrii mbili mbili!”

Akaita wasaidizi wake. Sufuria zikafunikwa. Chapati zikaingia kabatini. Wateja wakapakata sahani zao. Na ukoko? Ukoko ukiachwa nje Nyani ataula, na sheria imesema asile. Mama Sikuzani akaubeba wote, pamoja na wali uliobaki na vichwa vya dagaa, akaumimina mahali ambapo mkono wa Nyani hauwezi kupinda ukafika: ndani ya mtaro, katikati ya nondo. Pwaa!

Chini mtaroni Kichiro akainua uso. “Mama, mvua ya wali!”

“Kula, mwanangu. Kula kabla haijakatika.”

Nyani akaingia kantini. Kimya. Hakuna jiwe, wala mwiko. Mtu mmoja hata alimpisha njia. Nyani akafurahi moyoni, akaenda mezani, meza tupu. Akaenda kabatini, kabati lina kufuli. Akaenda kwenye sufuria, Mama Sikuzani ameikalia, anamtabasamia.

Akaenda jalalani: tii-tii-tii! Kwisha, wamelifunga mnyororo. Akaenda bwenini, wanafunzi wanakoweka mikate madirishani: tii-tii-tii! Kwisha, madirisha yamebamizwa. Akaenda kwenye genge la matunda la nje ya lango: tii-tii-tii! Kwisha, embe zimefunikwa turubai na mwenye genge anampungia mkono. Kila alikokwenda aliheshimiwa, na kila alikokwenda hakukuwa na kitu. Na nyuma yake, Tumpale na Ngassa na ile antena yao iliyofanana na mfupa wa samaki.

Kule mtaroni mambo yalinyooka. Watoto walikwisha kujua: mashine ikilia, midomo juu. Mbavu za Kichiro zikaanza kupotea, na mama yake alizipapasa kila asubuhi kuhakikisha kwamba kweli hazionekani.

Lakini msicheke mapema. Mwenye nguvu akiwa na njaa anapata akili kidogo, na akili kidogo ni hatari.

Nyani akakaa juu ya jalala lenye mnyororo, akasikia kule chini mtaroni nyam nyam nyam. Akachungulia kati ya nondo. Akaona watoto wa nguchiro, manyoya yanang'aa, tumbo ndi. Akaelewa. Hapo hakuimba tena. Alishika mfuniko kwa mikono miwili, akautikisa, akaung'oa, kwang'ara! Akaingiza mkono mrefu. Watoto wakatawanyika, ila Kichiro alikuwa ameshiba mno, hakuwahi. Nyani akamtoa nje akimning'iniza kwa mkia.

“Chiii! Mama!”

“Bi Nguchiro!” Nyani akanguruma. “Toka! Nivue mkufu huu sasa hivi, la sivyo leo nakula, na najua ninachokula!”

Tii-tii-tii-tii! Tumpale na Ngassa wakafika mbio, wakaona. Tumpale akainama kuokota jiwe. Ngassa akamshika mkono.

“Sheria, Tumpale. Hafukuzwi.”

“Ngassa, anamla yule mtoto!”

“Tukimtupia jiwe, utafiti wote umeharibika. Tunarudia mwaka.”

Tumpale akasimama, jiwe mkononi, machozi yanamlengalenga. Mwaka mmoja upande huu, mtoto wa nguchiro upande ule. Akapiga hatua moja mbele, jiwe hajaliachia. Na Bi Nguchiro akajua kwamba hakuna wa kumsaidia isipokuwa ulimi wake mwenyewe. Akatoka, akaenda mpaka mbele ya Nyani, akamwangalia Tumpale, kisha akapiga vigelegele.

“Hongera, bwana mkubwa! Wamekuja wenyewe! Mwone yule, ameshaanza kuja!”

Nyani akageuka. “Wamekuja kufanya nini?”

“Kwani hawakukwambia? Huo wa shingoni ni wa mwanzo tu, wa kukujaribu. Sasa wamekuletea wa kiunoni.”

“Wa kiunoni?”

“Wa kiunoni, wanaubana tumboni. Ulio nao shingoni umekunyima chakula cha mji mzima. Wa kiunoni, mh! Hata maji utayaaga. Na sindano yake siyo ya begani.”

“Ni ya wapi?”

Bi Nguchiro akayatazama makalio ya Nyani, akatikisa kichwa kwa huruma.

Nyani akamtazama Tumpale anayesogea na mkono juu. Akamtazama Ngassa na lile dude la mifupa. Akayashika makalio kwa mikono yote miwili. Na mikono miwili ikishika makalio, mkia wa Kichiro unashikwa na nani? Kichiro akaanguka, puu! Mama yake akamdaka kwa meno, chap! Wakazama mtaroni.

Nyani naye, jamani, mbio! Akaruka jalala, akaruka ua, akaruka genge la matunda na mwenye genge, akapanda mlima bila kugeuka. Na kila alipotaka kushuka tena aliiona antena kule chini inamtafuta, akajishika nyuma, akarudi juu kula ukwaju na mizizi, chakula cha babu zake.

Tumpale na Ngassa waliandika yote waliyoyaona. Waliandika kwamba nyani wa mji huu hapendi mji. Waliandika kwamba ni mpole, anapenda mlima, chakula cha watu hakigusi, na huingia kizimbani kwa hiari yake. Dokta Mbelwa alisoma, akasimama, akapiga makofi. Wakafaulu vizuri sana. Ngassa alifurahi bila kujiuliza chochote. Tumpale alifurahi pia, ila alipopita karibu na mtaro alikuwa akiweka chini kipande cha chapati, kisha anatazama pembeni kama mtu aliyedondosha kwa bahati mbaya.

Basi, hadithi yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyeichoka aiache mlangoni, mpita njia ataiokota.

Funzo lake? Mnataka funzo? Haya, kaeni vizuri. Funzo ni kwamba, watoto wangu, tusiwe waongo. Uongo haulipi. Mwongo hukonda, hukosa usingizi, hufa maskini. Kama hamniamini, nendeni nyuma ya kantini mkamuulize Bi Nguchiro. Ila mpigieni hodi kwa sauti na mngoje kidogo, maana siku hizi amenenepa mno, kutoka mtaroni ni mpaka watoto wamsukume.